Siku Niliyoelekeza Antena Kwenye Jiwe

Nyie vijana wa stendi ya Same mnaonicheka nikipita na bomba begani, nawasikia. Masikio yangu bado mazima. Juzi mmoja wenu aliniamkia vizuri tu, kisha akaongeza, "Bibi Antena, siku hizi watu wanatazama kila kitu mtandaoni, hilo bomba unampelekea nani?" Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Sikujibu kwa kuwa nilikuwa nawahi gari la kupanda milimani. Leo nimekaa, miguu imepumzika, nitakujibu. Na wale watatu waliofungua kibanda cha ufundi karibu na soko, walioniomba niwape siri za kazi, nao wasogee. Siri hakuna. Kuna makosa, tena mengi, na mengine niliyafanya mara mbili.

Jina langu ni Nietiwe. Ufundi sikuufuata, ulinikuta nimesimama. Nilikuwa msichana, nimetumwa kupeleka redio ya baba kwa Mzee Mbonea, fundi aliyekuwa na duka hapa Same mjini. Nikawa nangoja. Mzee akaniambia, "Binti, hebu nishikie tochi." Nikashika. Kesho yake nikarudi kuulizia redio, akaniambia nishike waya. Redio ilipopona nilikuwa nimeshajua kulehemu. Siku aliyoniambia nipande juu ya paa, aliyepiga kelele ni mama yangu, si mimi. Ugomvi ukaishia kwa makubaliano: nivae suruali na juu yake nijifunge kitenge, kitenge nikiache chini ya ngazi, na nikishuka nijifunge kabla sijamsalimia mtu. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka thelathini, na vitenge nilivyosahau chini ya ngazi za watu, kuanzia Mwanga hadi huku kwetu, vingetosha kufungulia duka.

Mzee Mbonea alikuwa na kanuni moja ambayo aliikazia kuliko zote. Alisema antena ina macho, itazamishe mnara. Na kama mnara huuoni, jua ulipo na uitazamishe huko huko. Alikuwa ananisimamisha uani kwa mtu, ananifumba macho kwa mkono wake wenye harufu ya risasi ya kulehemu, ananizungusha mara tatu, halafu anasema, "Nionyeshe mnara." Nikikosea, siku hiyo sipandi. Kanuni ile niliishika kama nilivyoshika mafundisho ya kipaimara, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba itakayoikataa.

Kabla sijafika huko, chukueni hili la kwanza, litawasaidia leo leo. Kazi ya antena ni ya watu wawili. Mmoja yuko juu anageuza, mwingine yuko chini mbele ya runinga anapiga kelele: "Bado! Bado! Rudisha! Hapo hapo!" Sasa, huyu wa chini atakudanganya. Hana ubaya, ila atakudanganya. Kule Kighare, Ugweno, mama mmoja aliniambia, "Hapo hapo, Fundi, picha imetulia kabisa!" Nikakaza nati, nikashuka, nikajifunga kitenge changu, nikaingia ndani. Chenga tupu! Nikamuuliza, "Mama, picha iko wapi?" Akanijibu bila aibu, "Nilikuonea huruma, mwanangu, umekaa juani tangu asubuhi na makande yanapoa."

Tangu siku ile siulizi kama picha imetulia. Nauliza, "Anayesoma habari amevaa nini?" Akisema amevaa blauzi ya kijani na hereni, nashuka. Akianza kubabaika, "Amevaa... amevaa vizuri tu," naendelea kugeuza. Nyie mna vipimo vyenu vya kielektroniki vinavyolia pii pii, nawapongeza, lakini betri ikiwaishia mkiwa juu ya paa la watu, ulizeni habari za blauzi.

Kosa la mgomba nalo nililifanyia huko huko Ugweno, na hili namweleza kila fundi kijana ili angalau yeye asirudie. Bomba lilikuwa refu, upepo ulikuwa mkali, nikalifungia waya tatu za kulishikilia. Waya mmoja nikaufunga kwenye mti wa mwembe-pori, wa pili kwenye nguzo ya banda, wa tatu sikuona pa kuufunga ila kwenye mgomba mnene uliokuwa umesimama pale pale nilipouhitaji. Nikaondoka najisifu. Mimi ni mtoto wa migombani! Nimezaliwa kwenye migomba, nimeilimia, nimeila, na bado nilisahau kuwa mgomba ukishazaa hukatwa. Mkungu ulipokomaa, mzee wa nyumba akaja na panga lake, kata! Mgomba ukaenda, waya ukaenda, antena ikashuka juu ya banda la mbuzi. Mbuzi hawakuumia, ila beberu mmoja alitoka na antena shingoni akakimbia nayo mpaka shuleni. Nilirudi kuisimamisha bila kuitwa mara ya pili.

Bondeni shida zake ni nyingine. Kule kwa wafugaji chini ya barabara kuu hakuna mlima wa kukuziba, mnara uko wazi, unaweza kumaliza kazi ukiwa umefumba macho. Nilimfungia baba mmoja wa Kimaasai antena safi, nikampa na mkono wa kwaheri. Baada ya siku tatu akapiga simu. "Mama Fundi, ng'ombe wamebadilisha chaneli."

Nikamwambia, "Mzee, ng'ombe hawana rimoti."

"Njoo uone wewe mwenyewe."

Nilienda nikaona. Bomba nilikuwa nimelisimika karibu na zizi, na kila jioni ng'ombe wakirudi, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanajikunia pale. Ng'ombe mkubwa akijikuna vizuri, antena inageuka na kutazama upande usio na kitu. Nilitaka kulihamisha bomba, yule baba akacheka, akaniambia nikae ninywe chai. Akaleta matawi ya miiba, yale yale ya kujengea zizi, akalizungushia bomba mpaka kiunoni. Ng'ombe wakaheshimu. Mpaka leo nikifunga antena kwa mfugaji, miiba naihesabu kuwa sehemu ya vifaa.

Sasa nije kwenye kebo, maana ndiyo iliyonifikisha nilikofika. Nyumbani kwetu ni kitongoji kimoja pembeni ya Suji. Tuko nyuma ya mgongo wa mlima, na zamani antena ya kawaida pale ilikuwa inaleta sauti ya mvua na kivuli cha mtu. Eliudi, mwenye duka pale kwetu, akaja na wazo. Akanunua dishi na king'amuzi, akaviweka dukani, na mimi nikavuta waya kutoka dukani kwake kupitia kwenye migomba na kahawa mpaka nyumba za watu, na kila baada ya umbali fulani nikaweka busta ya kuongeza nguvu. Watu wakafurahi sana. Tatizo tulilitambua usiku ule ule wa kwanza: king'amuzi kilikuwa kimoja. Alichotazama Eliudi dukani ndicho kilichotazamwa na kitongoji kizima.

Eliudi anapenda ngumi. Wiki ya kwanza, akina mama walikuwa wamekaa wanafuatilia tamthilia, bwana harusi anasimama kusema ndiyo, mara ghafla wanaume wawili wenye kaptura wanapigana. Akina mama wakashuka dukani wamejifunga khanga viunoni. "Eliudi, mrudishe mtu wetu, alikuwa anaoa!" Siku nyingine ni wanaume waliokuja kwa sababu mke wa Eliudi alikalia rimoti. Ilikaribia kuwa vita.

Ndipo wazee wakakaa. Na mjue wazee wa kwetu wamezoea kugawa kitu kimoja kwa watu wengi, kwa sababu ya ndiva. Ndiva ni lile bwawa letu la kuhifadhi maji ya mfereji. Maji yakijaa yanafunguliwa kwa zamu, leo mashamba ya juu, kesho ya chini, na kuna mgawa maji ambaye neno lake halipingwi. Wazee wakasema picha nayo ni maji. Jumatatu watu wa nyumba za safu ya juu wachague, Jumanne safu ya chini, na kuendelea. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ikawa ya wote, haiguswi. Na rimoti, sikilizeni jamani, rimoti akakabidhiwa mgawa maji! Akawa anaitembeza mfukoni mwa koti, anatoka kufungua ndiva, anapita dukani kufungua tamthilia. Eliudi mwenyewe alikamatwa siku moja ameiba zamu ya safu ya juu ili atazame ngumi, kwa kubonyeza vitufe vya kwenye king'amuzi. Adhabu yake ikawa ile ile ya mwizi wa maji: kwenye msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja, yeye aliingia ndivani peke yake akakokota tope siku nzima huku sisi tukimwimbia. Sijawahi kuona kebo nyingine duniani yenye sheria kama ile, na nawaambia, ilifanya kazi kwa miaka.

Kisha mambo yakabadilika. Mnara wa simu ukajengwa juu ya mgongo wa mlima. Mtandao ukaingia. Watoto wa watu walioko mijini wakawaletea wazazi runinga mpya, zile bapa, ambazo king'amuzi kimo humo humo ndani. Mawimbi ya kidijitali nayo yakawa yanafika kwenye nyumba za safu ya juu kwa antena ya kawaida. Basi watu wakaanza kuniita: Nietiwe, tufungie antena, Nietiwe, tuunganishie mtandao. Mwenye antena anapata habari na mpira bila bando. Akitaka tamthilia, anafungua mtandaoni, anatazama saa anayotaka, anaisimamisha aende kukamua ng'ombe, anarudi anamkuta bwana harusi bado amesimama anamngoja. Mama mmoja aliniambia, "Sasa kila mtu ana ndiva yake." Mgawa maji alirudisha rimoti dukani akasema amestaafu upande mmoja.

Hata mimi nilifurahi, siwafichi. Sikuwa na huzuni ya waya zangu. Nilikuwa naenda nyumba kwa nyumba nazikunja, watu wananishukuru, na nilikuwa nimekwisha sema kwamba kazi hiyo ndiyo ya kunistaafisha. Waliobaki kwenye kebo wakawa wanne, wakawa wawili, mwisho akabaki mmoja. Halafu radi ikapiga, ikaunguza king'amuzi na busta zote kwa mpigo mmoja, na Eliudi akasema hawezi kununua mitambo mipya kwa ajili ya nyumba moja.

Nyumba moja! Nilisikia maneno hayo na sikuuliza ni ipi. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la mgomba na mengine yote niliyowasimulia. Mimi ndiye niliyevuta ule waya, nilijua unaishia wapi, na sikuuliza.

Waya uliishia kwa Mwalimu. Alitufundisha jiografia wengi wetu pale, na mpaka leo hatumtaji jina, ni Mwalimu tu. Alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakaondoka. Anaelewa kila kitu, anatikisa kichwa, anakutazama kwa macho yale yale ya darasani, lakini hasemi. Isipokuwa saa saba mchana. Habari zikiisha na utabiri wa hali ya hewa ukaanza, mtangazaji akisema kutakuwa na mvua Same, Mwalimu alikuwa anainua kidevu na kuuliza, wazi kabisa, "Same ipi?" Kisha baada ya kuhangaika kidogo, "Ya juu au ya bondeni?" Na ana haki! Huku juu tunateleza kwenye tope wakati bondeni vumbi linawapofusha ng'ombe, na yule mtangazaji anatutaja kwa neno moja.

Mkewe, Mama Ndeshi, alikuwa akisikia hivyo anadakia haraka, "Sijui, Mwalimu, hebu muulize," ili tu aongeze neno. Siku nyingine aliongeza. "Hajafika huku," alisema siku moja, na Mama Ndeshi alinisimulia neno hilo kwenye ibada ya Jumapili kana kwamba amepata mjukuu. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yote ya nyumba ile, na yalikuwa yanapita kwenye waya wangu.

Alinipigia simu nikiwa Same. Ilimbidi apande mlima ili apate mtandao, nilimsikia anahema. "Nietiwe mwanangu, mwezi wa pili huu hajasema neno. Saa saba ikifika anaitazama ile runinga nyeusi, halafu anageukia ukutani. Naogopa atasahau kusema kabisa." Niliumia. Nilikaa kwenye kiti cha dukani kwangu, mteja ananiuliza kitu, simsikii. Kesho yake nikapanda gari.

Nikaanza na njia yenu. Nyumba ya Mwalimu iko kwenye kibonde, chini ya kilima, mtandao haufiki, simu inatafuta mpaka inachemka. Nikasema hamna neno. Nikapanda mpaka penye mtandao, nikautafuta utabiri wa hali ya hewa, nikaupakua kwenye simu, nikashuka nao na kuuunganisha kwenye runinga. Nilijiona mjanja sana. Mwalimu aliinuka kidogo kwenye kiti. Mtangazaji akasema mvua Same. Tukangoja, mimi na Mama Ndeshi tumeshikana mikono. Mwalimu akatazama runinga, akatazama nje kwenye jua, akanitazama mimi, na akafumba macho. Nilikuwa nimemletea utabiri wa jana. Tamthilia ya jana unaweza kuitazama leo, hata mwaka kesho. Utabiri wa jana ni uongo, na mwalimu wa jiografia hutamlisha.

Nikaazima king'amuzi mjini, nikaenda kwa Eliudi kuazima dishi lake la zamani. Alinipa, akanisaidia hata kulibeba, maana naye jambo hili lilikuwa linamkera moyoni. Lakini nyuma ya nyumba ya Mwalimu kuna msitu wa jadi, wa matambiko, miti mikubwa ambayo hakuna anayeikata, wala mtu wa kanisani kama mimi hawezi kusimama pale na kusema ikatwe. Msitu ule unaziba anga kwenye upande ule ule ambao dishi linataka kutazama, popote utakapoliweka shambani. Tuliligeuza mpaka Eliudi akachoka, akarudi nalo kichwani.

Ikabaki antena. Nikarudi na bomba refu, lile mlilonicheka nalo, na antena mpya na runinga ndogo bapa ambayo Ndeshi, binti yao, aliituma kutoka Arusha. Ilikuwa asubuhi, jua zuri. Mwalimu tukamtoa kibarazani kwenye kiti chake ili asisikie makelele ya bati, Mama Ndeshi akakaa ndani mbele ya runinga, mlango wazi. Nikapanda. Nikafumba macho kama nilivyofundishwa, nikajizungusha moyoni, nikajua mnara wa Same uko wapi: nyuma ya msitu, nyuma ya mlima. Nikaitazamisha antena huko.

"Bado!" akasema Mama Ndeshi.

Nikaongeza bomba. "Bado!" Nikageuza kidole kimoja kulia. "Bado!" Kidole kimoja kushoto. "Bado, mwanangu!" Zamani, za chenga, angalau ungeona kivuli ukajua unakaribia. Hizi za kidijitali hazina huruma, zinakupa picha nzima au hazikupi kitu. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Jua lilinichoma mgongo na nilikuwa karibu kulia, mtu mzima mimi, juu ya paa la mwalimu wangu.

Chini kibarazani Mwalimu akaanza kugonga mkono wa kiti. Nikachungulia. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule mzima, ananyoosha kidole mbele, ng'ambo ya bonde. Nikafikiri jua linamsumbua. "Mama Ndeshi, msogeze Mwalimu kivulini!" Mama akatoka, akamsogeza. Mwalimu akatikisa kichwa kwa hasira, akagonga tena, akanyoosha tena. Ng'ambo ya bonde hakuna nyumba wala mnara. Kuna lile jiwe kubwa tu, ukuta mtupu wa jiwe unaotazamana na nyumba yake.

Nikasema, "Mwalimu, mnara uko nyuma huku, si huko."

Akanitazama kwa macho ya darasani. Kisha akavuta pumzi, akafungua mdomo na kupiga kelele moja ndefu, haikuwa neno, ilikuwa "Ooo!" tu, na Mama Ndeshi akashika kifua. Kidogo, kutoka ng'ambo ya bonde, jiwe likajibu: "Ooo."

Nilikaa chini juu ya bati la moto. Darasa la tano alitupanga mstari ukingoni pale, sisi wote na viatu vyetu mkononi, akatuambia tulipigie kelele lile jiwe. Tukapiga. Akatufundisha kwamba sauti imekwenda, imegonga, imerudi, na kwamba vitu vingi vinavyosafiri hewani hufanya hivyo hivyo vikikutana na ukuta. Mimi niliyasikia nikayaacha pale pale, nikaenda kujifunza kwa Mzee Mbonea kwamba antena inatazama mnara, basi. Kumbe mawimbi ya Same yanapita juu ya mlima, juu ya msitu, juu ya nyumba ya Mwalimu bila kuigusa, yanakwenda kugonga lile jiwe na kurudi.

Nikaigeuza antena. Niliipa mnara mgongo kabisa, na mkono wangu ulikuwa unakataa, miaka thelathini inanivuta. Nikaitazamisha kwenye jiwe.

Safari hii Mama Ndeshi hakusema "bado".

"Mama, vipi?"

"Kuna mtu," akasema kwa sauti ndogo.

"Amevaa nini?"

"Suti ya bluu. Tai ina vidoti. Na ana kidonda kidogo cha kunyolea, hapa kidevuni."

Nikakaza nati. Nilishuka haraka mpaka nikasahau kitenge kwenye ngazi. Ilikuwa inakaribia saa saba, na Mama Ndeshi akasuuza na kuanika upesi nguo alizokuwa ameziloweka tangu asubuhi. Tukamrudisha Mwalimu ndani, tukamweka mbele ya runinga, mimi nikasimama mlangoni na suruali yangu ya kazi na hakuna aliyejali. Habari zikasomwa zote, ndefu, za mawaziri na barabara. Mama Ndeshi hakuwa anatazama runinga, alikuwa anatazama mdomo wa mumewe. Utabiri ukaanza. Akaja binti mmoja na ramani yake, akapita kanda ya ziwa, akapita pwani, akafika kwetu. Akasema mvua itanyesha mchana huo Same, hasa maeneo ya milimani.

Mwalimu akainua kidevu. Tukangoja lile swali lake. Halikuja. Alikuwa anamtazama yule binti kama mwanafunzi aliyejibu vizuri bila kuulizwa, na mimi moyoni nikasema basi, tumechelewa, maneno yamekwisha.

Ndipo akageuza kichwa polepole kutoka kwenye runinga, akamtafuta mkewe, akampata.

"Mama Ndeshi," akasema. "Anua nguo."

Mama Ndeshi alitoka mbio, na magoti yale. Nikamfuata nje. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata la dawa, na nguo alikuwa ameanika muda mfupi tu uliopita. Alikuwa anazivuta kwenye kamba moja moja, shuka, mashati ya Mwalimu, anazikumbatia kifuani, gauni lake lote linalowa, na analia huku anacheka.

Nikamwambia, "Mama, jua linawaka, na nguo bado zinachuruzika maji."

"Kwani wewe hukumsikia?" akaniuliza, na akaendelea kuanua.